Majani ya Kienyeji Pamoja na Dawa za Antibiotiki: Fundisho kwa Wamama

Wale wa nyuma wasogee karibu, benchi za mbele ziko wazi. Mwenye mutoto anayelia amunyonyeshe tu, hapa hakuna haya.

Leo sitasema juu ya chanjo wala juu ya choo. Nitasema juu ya kitu kilicho ndani ya kikapo, chini ya kitenge. Ninajua kiko. Ni chupa ndogo yenye maji ya rangi ya kahawia, ao ni majani yaliyofungwa ndani ya jani la ndizi, ambayo bibi ya mutoto alikupa asubuhi akisema: «Enda kwa wanganga, lakini usiache hii.» Musiogope. Sikuje kuitupa.

Mungu mwenyewe alifanya majani. Tunasoma katika kitabu cha 2 Wafalme, sura ya 20, namna mufalme Hezekia alikuwa na jipu, na nabii Isaya akaagiza wamuwekee tini. Na tena, sisi wote hapa tunaita kila kidonge «kinini». Jina lile limetoka kwa dawa ya muti. Kuna muti unaoitwa kinkina, maganda yake ndiyo yanatoa dawa ya malaria, na wazazi wetu waliona mashamba yake makubwa huku Kivu, karibu na Bukavu. Kwa hiyo mutu akisema majani ni upuuzi, anasema bila kujua kinini kilitoka wapi.

Hata nyama wa pori wanajua kitu. Ngambo ya Ziwa Tanganyika, katika milima ya Mahale, mwaka 1987 mutaalamu Michael Huffman na Mzee Mohamedi Seifu Kalunde walimuona sokwe mugonjwa akimenya shina la muti muchungu, ule wengi wetu tunaita mubirizi, akatafuna ndani na kufyonza maji yake. Mzee Kalunde aliujua muti ule, maana watu wa kwao wanautumia kwa tumbo. Lakini angalieni: sokwe yule hakuwa amekunywa amoksisilini asubuhi. Neno la leo ni hilo. Mutoto akiwa na majani tumboni na dawa ya hospitali tumboni, vitu viwili hivi vinafanyana nini?

Nitawaambia kwanza kosa langu. Mwaka fulani, nilipokuwa bado kijana katika kazi, nilimuona mama mumoja akimunywesha mutoto wake maji ya majani hapa kwa mustari. Nilimugombeza mbele ya watu wote. Nilitupa chupa yake. Nilifikiri nimefanya kazi nzuri. Baada ya siku ile, hakuna mama hata mumoja aliyeniambia tena neno la majani. Niliuliza, wakajibu «Hapana, mama», na macho yako chini.

Kisha wakaleta mutoto wa miezi tano. Homa kali, anyonyi vizuri, analegea kama kitambaa kilicholowa. Ilikuwa mikrobi ndani ya damu. Niliuliza mama yake: «Ulimupa dawa ya kienyeji?» Akajibu: «Hapana.» Daktari akaandika sindano mbili, ya pili ilikuwa jentamisini. Ni dawa nzuri, inaokoa watoto wengi wachanga. Lakini iko na tabia mbili: inatoka mwilini kwa njia ya mukojo, yaani figo ndizo zinaitoa, na ikijaa sana mwilini, inaumiza figo zilezile. Kesho yake mutoto hakukojoa. Nepi kavu asubuhi, kavu saa sita, kavu magaribi. Ndipo bibi yake akanivuta mukono kando ya mulango, akanongona: «Tulimupiga lavema ya majani, mara tatu.»

Munaona? Majani yaliingizwa kwa nyuma kwa puari ya mpira, yakachoma tumbo, yakamuharisha, yakamukausha maji, na figo zikachoka. Juu ya figo zilizochoka, mimi niliongeza dawa inayohitaji figo nzima. Daktari alisimamisha sindano ile, akaweka ingine isiyotegemea figo peke yake, na kumurudishia maji polepole. Mutoto alilala hapa wiki tatu. Alirudi nyumbani, Mungu asifiwe, lakini mara mingi mambo ya namna hii hayaishi hivyo. Mama yake alidanganya sababu aliogopa. Na aliogopa sababu yangu.

Basi, tuseme sasa juu ya mikrobi na dawa, maana mama akielewa hataogopa.

Antibiotiki ni dawa ya kuua mikrobi za aina moja, zile zinaitwa bakteria. Ni hizo zinaleta majipu, homa ya tumbo ya tifoidi, kuhara damu, na homa ya mapafu mara nyingi. Haziui mafua. Haziui malaria wala minyoo. Penisilini, mama wa antibiotiki nyingi, iligunduliwa mwaka 1928 na munganga Alexander Fleming kutoka kwa ukungu, kama ule unaota juu ya mukate wa zamani. Mwaka 1945 Fleming mwenyewe aliwaonya watu: ukikunywa kidogo kuliko kipimo, hauui mikrobi, unazifundisha kushinda dawa. Hatukumusikia. Kloramfenikoli na ampisilini, ambazo zamani ziliangusha tifoidi kwa siku chache, leo pahali pengi hazifanyi kitu tena. Wataalamu walihesabu kwamba katika dunia yote, mwaka 2019, watu zaidi ya milioni moja walikufa kwa sababu mikrobi zao zilishinda dawa.

Mikrobi inashinda dawa namna gani? Kuna namna nyingi, mimi nitasema mbili.

Ya kwanza: inatengeneza kitu kama makasi, inakata dawa mbele dawa haijafika. Ya pili, sikilizeni ninyi wa kando ya ziwa. Mutumbwi ukiwa na tundu, maji yanaingia. Lakini kukiwa mutu ndani anachota kwa kopo na kumwaga inje, mutumbwi hauzami. Dawa ni yale maji. Mikrobi zingine ziko na mwenye kopo. Dawa inaingia, yeye anaitoa, inaingia, anaitoa. Ukileta dawa kidogo kidogo, hatachoka kamwe.

Sasa majani yanaingia hapa. Wataalamu wamejiuliza: je, kuna jani linaloweza kumushika mukono yule mwenye kopo? Na wameona, ndiyo, yako. Huko India, mwaka 2006, waliandika kwamba kitu kilicho ndani ya pilipili manga kinazuia kopo la mikrobi ya majipu, na dawa inayoitwa siprofloksasini ikawa na nguvu zaidi juu yake. Huko Kameruni, kwenye Chuo Kikuu cha Dschang, Profesa Victor Kuete na wenzake wamepima miti na viungo vya chakula vingi vya Afrika, mara na antibiotiki, mara bila antibiotiki, na mara kadhaa waliona jani linasaidia dawa. Kitunguu saumu kikipondwa kibichi kinatoa kitu kinachoua mikrobi, kilichopewa jina alisini mwaka 1944. Ukikipika, nguvu ile inapotea karibu yote. Maji ya majani ya mupera nayo yanazuia mikrobi ya majipu. Mikrobi za kuhara hayaziwezi sana, sababu hizo zimevaa kanzu mbili, na kanzu ya inje ni ngumu kupenya.

Ninawaona munacheka na kuangaliana. «Basi bibi alisema kweli!» Ngojeni kwanza.

Kazi ile ilifanyika ndani ya sahani. Labo wanachukua sahani ndogo yenye kifuniko, wanaweka ndani chakula laini kinachotetemeka, wanapanda mikrobi juu yake kama vile unavyomwaga mbegu za lengalenga. Kisha wanaweka kipande kidogo cha karatasi chenye dawa. Kesho yake mikrobi zimeota kila pahali, lakini kuzunguka karatasi kumebaki duara safi, kama uwanja uliofagiwa. Wakiongeza maji ya jani karibu, duara likipanuka, jani linasaidia. Likipungua, jani linazuia. Na hilo la pili linaonekana pia! Jani moja linaweza kusaidia dawa hii na kuzuia dawa ingine.

Sahani haina tumbo. Haina maini wala figo, na hailii. Mara nyingi wataalamu hawatoi nguvu ya jani kwa maji ya moto kama sisi; wanatumia kitu kama pombe kali, kisha wanakausha mpaka inabaki unga muchungu wenye nguvu sana. Kwa kufikisha nguvu ile ndani ya damu ya mutoto wa kilo 8, pengine ungemunywesha kipimo kisichoingia tumboni mwake, ao ungemutia sumu mbele ya kuua mikrobi. Tena jani la kiangazi si sawa na jani la mvua, wala jani changa na jani zee. Nani anajua kikombe cha leo kina nguvu gani?

Hospitali nayo inajua kuweka musaidizi pamoja na dawa. Kuna kinini chenye amoksisilini na klavulaniki pamoja: ya pili inashika yale makasi, ya kwanza inaua. Lakini kila moja imepimwa kwa miligramu, na watu wamechunguza inafanya nini kwa mama mwenye mimba na kwa mutoto. Kwa chupa ya bibi, bado. Labda siku moja mutu wa kwetu atafanya kazi ile, na jani la kilima chetu litakuwa kinini. Mimi ningefurahi.

Mpaka siku ile, nisemeni yale tunayoyajua vizuri, yanayoharibu dawa kila siku hapa kwetu.

La kwanza si jani, ni udongo. Wamama wenye mimba, ninajua munakula udongo wa soko. Udongo unashika dawa tumboni kama vile ugali unavyoshika muchuzi, na dawa inatoka nao kwa choo bila kuingia kwa damu. Makaa ya kusagwa yanafanya vilevile. Unalipa dawa, unaitupa chooni. Udongo unashika hata vinini vya damu tunavyokupa kliniki, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo ao risasi. Afazali kuuacha. Kama umeshindwa kuuacha leo, usiule karibu na dawa. Acha saa 2 ao zaidi katikati.

Vinini vya damu vyenyewe, vile vyenye chuma, na maziwa ya ngombe, vinafunga dawa kama tetrasiklini na siprofloksasini. (Tetrasiklini, mwenye mimba asiinywe hata kidogo, wala mutoto chini ya miaka 8.) Kwa hiyo uliza muuguzi saa gani ya kunywa hiki na saa gani ya kile. Lakini musisikie vibaya: amoksisilini haina shida na maziwa, na titi la mama halisimamishwi kwa sababu ya dawa hizi. Mutoto mugonjwa anyonye zaidi.

Majani machungu sana yanatapisha. Ukimupa mutoto dawa ya hospitali, na nyuma yake kikombe cha mubirizi, akitapika, umetapisha dawa. Majani ya kuharisha vilevile: tumbo linakimbia na kusukuma dawa inje mbele haijaingia mwilini.

Na lavema. Juu ya hili sitapunguza neno. Usimupige mutoto lavema ya majani, ya pilipili, ya sabuni, ya kitu chochote. Matumbo ya mutoto ni laini kama karatasi ya chai iliyolowa, na sumu ya majani inaingia kwa damu upesi. Mutoto chini ya miezi sita haingii kitu kinywani isipokuwa titi, na dawa ambayo munganga ameandika.

Kuna shida ingine, hiyo ni ya kichwa, si ya tumbo. Mama anapewa siro ya siku tano. Anamupa mutoto siro asubuhi, na majani ya bibi magaribi. Siku ya pili homa inashuka. Nani anapata sifa? Majani! Sababu yalikuwa ya mwisho, na sababu bibi alikuwa pale anaangalia. Basi mama anafunga chupa ya siro, anaiweka juu ya kabati kwa kungojea ugonjwa mwingine. Mikrobi ambazo zilikuwa karibu kufa zinapumzika. Zilizobaki ni zile zenye kopo. Baada ya wiki mutoto anarudi kwetu, na siro ileile haifanyi tena. Ukitoa vitu viwili pamoja, hauwezi kujua kilichoponya. Kwa hiyo maliza siku zote zilizoandikwa, hata mutoto akiruka na kucheza. Na siro iliyobaki juu ya kabati imekwisha kuharibika. Usimupe mudogo wake.

Kuhara kwa maji tu, bila damu, mara nyingi hakutaki antibiotiki wala jani. Kunataka maji, chumvi na sukari: paketi ya hospitali katika lita moja ya maji safi, kama hakuna paketi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, si vya kilima. Pamoja na vinini vya zinki kwa siku 10 mpaka 14. Kama kuna damu, njoo siku ileile.

Njoo upesi pia kama mutoto anapumua haraka. Hesabu kwa dakika nzima, mutoto akiwa ametulia: mara 50 ao zaidi kwa mwenye miezi 2 mpaka 11, mara 40 ao zaidi kwa mwenye mwaka moja mpaka mitano. Hiyo inaweza kuwa homa ya mapafu. Chini ya miezi miwili, usingoje kuhesabu sana. Homa tu ao kukataa titi inatosha. Asiyenyonya, aliyeshikwa na degedege, asiyekojoa tangu asubuhi, huyo usimupitishe kwa majani, hata kwa usiku moja.

Sasa maulizo. Haya ni yale wamama wameniuliza mara nyingi.

«Mama, naweza kula kitunguu saumu na tangawizi nikiwa ninakunywa antibiotiki?» Katika muchuzi, ndiyo, kula kama kawaida. Si kikombe kizima cha maji yake. Na kama unakunywa dawa za ukimwi, utuambie mbele ya kutumia kitunguu saumu kama dawa, maana kinaweza kupunguza dawa zingine za namna ile katika damu.

«Na kidonda, ninaweza kukiosha na maji ya mupera?» Maji yaliyochemka na sabuni yanatosha. Maji ya mupera yaliyochemshwa na kupoa, kwa kidonda kidogo cha mutu mukubwa, sitakugombeza. Kitovu cha mutoto muchanga, hapana kabisa: si jani, si majivu, si mavi ya ngombe. Pepopunda inaingia pale. Na usimwage unga wa kidonge cha soko juu ya kidonda. Mikrobi za ngozi zinajifunza dawa ile, na siku utakapoihitaji haitafanya.

«Mama mukwe akikataa? Anasema nikimunyima mutoto majani, mutoto akifa ni mimi nimemuua.» Hili ni gumu, najua. Usigombane naye nyumbani. Mulete hapa. Nitamupa kiti, tutazungumza naye kama mukubwa, na tutamwomba kazi: ahesabu pumzi za mutoto na aangalie kama anakojoa. Bibi mumoja tuliyemupa kazi ile ndiye alimuleta mujukuu wake usiku, mbele ya mama mwenyewe kuamuka.

«Na nikikuambia ukweli juu ya majani, hautanitupia chupa?»

Hapana. Hiyo ilikwisha. Sasa fishi ya kila mutoto iko na mustari moja chini ya uzito, pale tunaandika: jani gani, kwa kinywa ao kwa nyuma, mara ngapi, na saa gani ya mwisho. Hatuweki alama ya makosa. Kama haujui jina lake, leta tawi lenyewe, pamoja na ua ao tunda kama liko, ulifunge ndani ya karatasi kavu. Mupe muuguzi pale kwa mizani, mbele mutoto hajaandikiwa dawa.